Tarakilishi Zimepata Nguvu, Je, Sisi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyoipokea tarakilishi ilipobisha hodi katika afisi, shule na vyuo vyetu. Tuliambiwa kwamba ingetuponya kutokana na uchovu wa kuandika, kukokotoa na kutafuta. Miaka imepita, mgeni amekuwa mwenyeji, na kila mwaka amezidi kunawiri: kumbukumbu yake imepanuka, kasi yake imeongezeka, umbo lake limepungua hadi likaenea mfukoni. Hata hivyo, kuna swali ambalo sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili hatujaliuliza vya kutosha. Je, nguvu hizi zimebadilisha kweli namna tunavyoitumia mashine hii, au tunaendelea kufanya yale yale kwa chombo cha bei kubwa zaidi?

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Wapo wanaosema kompyuta, wapo waliopendekeza ngamizi, na wapo, hasa katika shule za Kenya, waliokubali tarakilishi, neno lililojengwa juu ya tarakimu na akili. Sina nia ya kuufufua mjadala huo hapa. Nitatumia tarakilishi kwa kuwa limezoeleka kwa wasomaji wa jarida hili. Naomba tu tuzingatie kwamba mgogoro wenyewe una funzo: tumetumia muda mwingi kubishania jina la chombo kuliko kazi tunayokipa.

Msimamo wangu ni huu. Nguvu ya mashine, peke yake, haijabadilisha matumizi yake kwa kiwango tunachojisifia. Pale palipotokea mageuzi ya kweli, chanzo chake kilikuwa swali jipya aliloliuliza mtu, wala si kasi mpya ya chombo. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi unyonge wa Kiswahili katika ulimwengu wa tarakilishi hautaondolewa na maabara mpya wala vipakatalishi vipya. Utaondolewa na sisi, au hautaondoka.

Nguvu mpya, kazi kongwe

Tuanze na yale yasiyobishaniwa. Mwaka 1965 Gordon Moore alibashiri kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kubanwa katika kipande kimoja cha silikoni ingeongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 akairekebisha kauli yake, akasema kila baada ya miaka miwili. Utabiri huo ulitimia kwa miongo mingi. Tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981 iliendeshwa na kijenzi chenye transista zipatazo 29,000. Leo, simu anayoishika mwanafunzi mkononi ina transista zinazohesabika kwa mabilioni.

Sasa tutazame upande wa pili, yaani kazi zenyewe. Barua ya kwanza kutumwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine kupitia mtandao ilitumwa mwaka 1971. Programu ya kuandikia iitwayo WordStar ilitoka mwaka 1978, na mwaka uliofuata ikatoka VisiCalc, programu ya kupanga hesabu katika safu na mistari. Mapema zaidi, tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart aliuonyesha umati wa wataalamu mjini San Francisco kipanya, viungo vya kutoka matini moja hadi nyingine, uhariri wa maandishi kwenye kiwambo, na watu wawili walio mbali wakishughulikia waraka mmoja huku wakionana. Msomaji na ajiulize: kati ya kazi alizozifanya jana kwa tarakilishi, ni ngapi zisizomo katika orodha hiyo?

Kama kazi ni zile zile, nguvu zote hizo zimekwenda wapi? Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mmoja wa magwiji wa taaluma hii, alilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi inayoishinda kasi ya mashine kupata nguvu. Ushahidi tunao. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilihitaji kumbukumbu isiyopungua megabaiti 64. Windows 11 ya mwaka 2021 inahitaji gigabaiti 4, yaani mara 64 ya kiasi kile. Barua ya kuomba kazi haijawa ndefu mara 64, wala tasnifu haijawa na kina mara 64. Mzigo umeongezeka kwa mchukuzi, ilhali bidhaa ni ile ile. Isitoshe, Oktoba 2025 kampuni iliyotengeneza Windows 10 ilisitisha huduma zake za kawaida kwa programu hiyo, na mashine nyingi ambazo bado zinaandika na kuchapisha bila kasoro zikawa zimeitwa kuukuu kwa sababu tu haziwezi kupokea programu inayofuata. Kwa chuo kisichokuwa na fedha hilo si jambo dogo: tunahimizwa kununua nguvu tusizozihitaji ili tuendelee kufanya tulichokuwa tukikifanya.

Yanayoonekana Bamburi

Hoja ya aina hii haifai kubaki angani. Nitaishusha Bamburi, mtaa wa Kisauni nje ya kisiwa cha Mombasa, unaofahamika kwa saruji, fuo na hoteli zake. Mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na ulimwengu huingilia pwani hii. Mkongo wa TEAMS, unaotoka Fujaira katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa mwezi Juni 2009. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwezi Julai mwaka huo huo, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Mtu aliandika barua yake kwenye karatasi nyumbani, akaenda saiba, akainakili harakaharaka kwa kuwa alilipishwa kwa dakika.

Leo dakika hazihesabiwi tena namna ile, na takriban kila nyumba ina simu yenye intaneti. Mtu angetarajia saiba ziwe zimefungwa. Lakini pita Bamburi Mtambo au Kiembeni, uchungulie ndani. Utamkuta kijana mbele ya mashine iliyochakaa, na kando yake benchi la wateja walioshika simu zenye nguvu kuishinda mashine hiyo. Wamekuja kujaziwa fomu za ushuru, kuombewa mkopo wa elimu, kutafutiwa cheti cha tabia njema, kuandikiwa wasifu na kutolewa nakala. Huduma nyingi za serikali zilihamia mtandaoni, hasa baada ya kuanzishwa kwa eCitizen mwaka 2014, kwa ahadi kwamba mwananchi angejihudumia mwenyewe. Mwananchi huyo bado amekaa kwenye benchi.

Ukiwauliza, watakupa sababu zilizo wazi. Maelezo ya fomu yako kwa Kiingereza cha kisheria, nao wanaogopa kubonyeza pasipofaa. Kiwambo cha simu ni kidogo. Na mwisho wa safari, afisa dirishani atataka karatasi iliyochapishwa. Hapa ndipo ninapomkumbuka karani wa zamani aliyekaa nje ya mahakama au posta na mashine yake ya chapa. Mteja alisimulia shida yake kwa Kiswahili, karani akaigeuza kuwa Kiingereza cha afisi, akapokea ujira wake, mteja akaondoka na karatasi ambayo hakuweza kuihakiki. Kijana wa saiba ni mrithi wa karani yule. Mashine ya chapa imeondoka, tarakilishi imekuja, mkongo umepita chini ya bahari, lakini uhusiano kati ya mwananchi, lugha na waraka umebaki ulivyokuwa. Nguvu ya mashine haikuugusa kwa sababu tatizo halikuwa la nguvu. Tatizo lilikuwa lugha.

Sharti niwe mwadilifu nitaje mfano unaokwenda kinyume. Mwezi Machi 2007 ilizinduliwa M-Pesa, na maisha ya Bamburi yakabadilika kweli. Mfanyakazi wa hoteli akaweza kumtumia mama yake fedha Kaloleni bila kumsubiri dereva wa matatu aliye mwaminifu. Muuza samaki akaweza kulipwa bila noti. Mageuzi hayo yalihitaji mashine ya aina gani? Simu ya kawaida kabisa, ya vibonye na kiwambo kidogo, iliyotumia menyu fupi iliyohifadhiwa katika kadi ya simu, na menyu hiyo iliweza kusomwa kwa Kiswahili. Mageuzi makubwa zaidi ya kidijitali tuliyoyashuhudia yaliletwa na tarakilishi dhaifu kuliko zote. Kilichokuwa na nguvu ni swali: mtu asiye na akaunti ya benki atamfikishiaje jamaa yake fedha? Na jibu lilitolewa kwa lugha ambayo mtu huyo anaisoma.

Darasani kwetu

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Katika idara za Kiswahili, tarakilishi tunaifanyia nini? Tunaandika insha, tunaipamba, tunaichapisha, tunaikabidhi. Mashine yenye uwezo wa kupekua mamilioni ya maneno kwa nukta chache tumeifanya mashine ya chapa yenye taa. Hata kazi hiyo ya kuandika tunaifanya kwa unyonge: programu imepangwa kwa Kiingereza, na kila neno la Kiswahili sanifu linapigiwa mstari mwekundu kama kosa. Mwanafunzi huandika tasnifu nzima juu ya utajiri wa Kiswahili huku mashine ikimwambia, neno baada ya neno, kwamba anakosea, naye hajali. Amezoea.

Tusiseme kwamba hakuna waliojitahidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na iliyopatikana bila malipo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Tafsiri ya Google ilikiingiza Kiswahili mwaka 2009. Milango ilifunguliwa, tatizo ni idadi ya waliopita. Ni wangapi kati yetu wameibadilisha lugha ya simu zao hata kwa wiki moja? Ni wangapi wameandika makala moja tu katika ensaiklopidia hiyo juu ya kijiji chao, mshairi wao au lahaja yao?

Halafu tujilinganishe na wengine. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha makala juu ya namna ya kuifanya tarakilishi ichanganue mofolojia ya Kiswahili: itambue kiambishi cha nafsi, cha njeo, cha yambwa, mzizi na kauli. Mashine za wakati ule zilikuwa duni kupita simu iliyo mfukoni mwa msomaji sasa hivi. Kazi hiyo ilizaa pia kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, hazina ya matini ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5 na la pili milioni 25. Ukitaka kujua kama waandishi huandika "rafiki yangu" au "rafiki wangu", na kwa kiwango gani, hazina hiyo itakujibu kwa mifano, pale ambapo sisi tungebishana darasani kutwa nzima kwa kutegemea masikio yetu. Aibu yetu ni hii: swali la lugha yetu liliulizwa Ufini kwa mashine dhaifu, ilhali sisi wenye lugha na wenye mashine bora hatujaliuliza.

Pingamizi mbili

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba bila nguvu mpya kuna mambo yasingewezekana kabisa, na hapo wana haki. Picha kubwa na safi za miswada haziwezi kusafiri katika mashine ya mwaka 1981. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalimfikia mmisionari William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na karatasi za Taylor zikaishia SOAS, London. Kwa muda mrefu Mswahili wa Mombasa aliyetaka kuziona ilimbidi awe na nauli na viza. Baadaye SOAS ilitayarisha orodha ya miswada yake ya Kiswahili na kuanza kuweka picha za baadhi yake mtandaoni. Hilo ni badiliko la kweli na ninalishukuru. Lakini kuusoma mswada huo kunahitaji hati za Kiarabu zilizotumika kuandikia Kiswahili, na ni idara chache zinazofundisha hati hizo kwa dhati. Mashine imeuleta mswada hadi Bamburi, nasi tumeshindwa kumwandaa msomaji wake.

Wa pili watasema kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwani sasa kuna akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, mashine inaandika yenyewe, tena kwa Kiswahili. Je, hilo si badiliko la matumizi? Kwa wenye kuitafitia, ndiyo. Kwa wengi wetu nina shaka. Babu zetu wa kitaaluma walinakili kwa mkono kitabu cha maktaba. Kaka na dada zetu walinakili na kubandika kutoka mtandaoni. Sisi tunaiagiza mashine itutungie. Njia zimekuwa tatu, lengo limebaki moja: kuujaza ukurasa utakaokabidhiwa siku ya Ijumaa. Mashine yenye nguvu kuliko zote imewekwa katika kazi kongwe kuliko zote, ya kukwepa kufikiri.

Kuna na hatari nyingine inayotuhusu sisi hasa. Mashine hizi hujifunza lugha kutokana na matini zilizoandikwa. Tusipoziandika sisi, zitajifunza Kiswahili cha tafsiri, chenye sentensi za Kiingereza zilizovaa kanzu, kisha zitatufundisha sisi Kiswahili hicho. Mwanafunzi ataiamini, atakiandika, na mashine ya kesho itajifunza kutoka kwake. Lugha inaweza kuharibika kwa mzunguko huo bila adui yeyote kuikusudia mabaya.

Funzo la machimbo

Bamburi ina mfano mwingine unaofaa kutafakariwa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka mingi, na kadiri mitambo ilivyopata nguvu ndivyo mashimo yalivyopanuka. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, aliuliza jambo ambalo mitambo haikuweza kuliuliza: ni nini kinachoweza kuota hapa? Alijaribu aina 26 za miti katika mwamba ule mtupu. Tatu tu zikastahimili, mmojawapo ukiwa mvinje. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza upesi, basi wakaletwa majongoo wayale na kuyageuza kuwa udongo. Leo jangwa lile ni msitu unaoitwa Haller Park. Mtambo wenye nguvu ulichimba kwa kasi zaidi tu. Kilichogeuza machimbo kuwa msitu ni swali, subira na jongoo.

Sisi nasi tunaye Haller wetu katika lugha. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alikusanya msamiati wa ufundi wa vyombo vya baharini katika Sambo ya Kiwandeo (1979) na wa mnazi katika Umbuji wa Mnazi (1985). Ndiye anayetajwa pia kuwa mbunifu wa neno runinga. Hakusubiri tarakilishi yenye kasi. Aliuliza mafundi na wakulima waviitaje vitu vyao, akaandika walichomjibu.

Hivyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya. Kwanza, kila mwanafunzi anayehitimu akabidhi idarani nakala ya kidijitali ya matini alizozikusanya kwa ajili ya utafiti wake, kwa ridhaa ya wenyewe, ili baada ya miaka michache tuwe na kongoo yetu. Pili, simu zetu ziwe vinasa sauti. Jomvu, Changamwe na Kisauni wapo wazee wanaosema mato, mtanga na kuteka pale tunapofunzwa kusema macho, mchanga na kucheka. Mzee mmoja akizikwa bila kurekodiwa, hakuna kasi itakayomrudisha. Tatu, somo la hati za Kiarabu na somo la uchanganuzi wa matini kwa tarakilishi yaingizwe katika mtaala kama masomo ya lazima kwa anayebobea katika Kiswahili, ili msomi mmoja aweze kumsoma Muyaka katika mwandiko wa kale na kuyahesabu maneno yake kwa mashine ya leo.

Watu wa pwani husema chombo cha kuzama hakina usukani. Tumepewa chombo imara, tanga pana na upepo mwingi. Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, tusiendelee kuomba upepo zaidi. Tushike usukani, na tuanze muhula huu.